Magunia Kumi ya Mahindi kwa Kipakatalishi Kimoja

Zamani mkulima wa Uasin Gishu aliyekwisha kuuza mahindi yake alirudi nyumbani na mabati, blanketi na karo ya mwaka ujao. Siku hizi, maadamu ana mtoto katika chuo kikuu, huongozana naye hadi kwenye duka lenye vioo vingi mjini Eldoret, akasimama mbele ya safu ya mashine zilizofunuliwa kama vitabu, akavitazama vibao vya bei asivyoweza kuvisoma. Nasema hawezi kuvisoma, ingawa huenda mkulima huyo ni mwalimu mstaafu mwenye Kiingereza safi. Kilichoandikwa pale ni herufi na tarakimu ambazo maana yake anaijua muuzaji peke yake, tena si kila muuzaji.

Hayo niliyaona kwa karibu mwezi Desemba 2025. Dada yangu ameolewa Ainabkoi, huko kwenye baridi na viazi, na binti yake yumo katika mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu. Muhula mzima wa kwanza aliandika insha zake kwa kidole gumba juu ya simu, kisha akalipa kwa kila ukurasa ili zipangwe na kupigwa chapa mjini. Mahindi yalipokauka, shemeji aliuza magunia kumi papo hapo shambani, kila moja kwa shilingi 3,200, akanikabidhi shilingi 32,000 pamoja na mtoto. “Wewe ndiwe uliyesoma,” akasema. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu, wala sijapata kufungua mashine hata moja kwa bisibisi. Lakini kwetu mjomba haulizwi kama anajua.

Kwa mtu wa kazi yangu, jina la bidhaa hii ni burudani. Walioliunda neno kipakatalishi walikitazama kitenzi kupakata, kumweka mtoto mapajani, wakakiunga na tarakilishi. Kiswahili kimekwisha kuipa mashine nafasi ya mtoto mchanga. Dukani, hata hivyo, hakuna aliyelitumia neno hilo. Tulichokutana nacho ni kibao kilichosema “Ex-UK, Core i7”, na kijana mchangamfu aliyetuambia, “Mzee, hii ni i7, iko juu ya i5. Mtoto atasoma nayo mpaka amalize.” Bei yake ilikuwa shilingi 27,000. Mpwa wangu akanitazama kwa matumaini. “Mjomba, hii si imebakisha hata pesa za mkoba?”

Hapo ndipo penye mtego. Tarakimu 7 iliyo kwenye kibao hutaja daraja la prosesa, yaani ubongo wa mashine, ndani ya rika lake tu. Haisemi rika lenyewe ni la mwaka gani. Rika hutajwa na tarakimu zinazofuata baada ya kistari, nazo kwenye kibao hazikuwapo. Tulipoiwasha mashine na kuisoma orodha ya sehemu zake, tulikuta i7-3520M. Hiyo 3 ya mwanzo ndiyo rika: kizazi cha tatu, kilichotolewa mwaka 2012. Kando yake palikuwa na nyingine iliyoandikwa i5 tu, na ndani yake mlikuwa na i5-8250U ya mwaka 2017, kizazi cha nane, yenye viini vinne vya kufanyia kazi ilhali ile “kubwa” ina viwili. Bei yake ilikuwa shilingi 29,500. Shilingi 2,500 zilitenganisha mashine hizo, wala hazifiki bei ya gunia moja la shemeji.

Miaka hiyo mitano ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, pamoja na nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji watakaojiandikisha. Windows 11 nayo, kwa upande wa prosesa za Intel, kwa jumla hukubaliwa rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo ofisi za Ulaya zina kila sababu ya kuziondoa mashine za kizazi cha saba na kurudi nyuma, na zikiondolewa huko hazina budi kwenda mahali. Mwanafunzi aliyeingia chuoni mwaka 2025 anatarajia kuhitimu mwaka 2029. Akinunua mashine isiyopata marekebisho ya usalama, anaingia nayo kwenye benki, kwenye tovuti ya HELB na kwenye mitihani yake kama nyumba isiyo na komeo. Tena asidanganyike akiiona Windows 11 kwenye kioo. Mafundi wa mjini wana mbinu za kuisukuma katika mashine yoyote, na aghalabu hawamwambii mnunuzi.

Je, ni heri basi kununua kilicho kipya kabisa ndani ya boksi lake? Kaka yake binti huyu alifanya hivyo mwaka 2023. Kilikuwa kidogo, chepesi, cha rangi ya fedha, na kilikuwa na prosesa ya Celeron, RAM ya gigabaiti 4 iliyounganishwa moja kwa moja na bodi isiweze kuongezwa, na hifadhi ya gigabaiti 64. Baada ya miezi michache marekebisho ya Windows peke yake yalikuwa yameijaza hifadhi hiyo. Kikawa kinachukua dakika nzima kufungua waraka mmoja. Sasa kimelala chini ya kitanda Ainabkoi, kingali na karatasi yake ya plastiki kwenye kifuniko. Kwa pesa haba, mashine ya ofisi iliyotumika miaka sita au saba, ilimradi ni ya kizazi cha nane, ina RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD isiyo na kisahani kinachozunguka ndani, humfaa mwanafunzi kuliko mpya ya daraja la chini. Diski hiyo ya SSD ina faida nyingine: husafiri katika matatu juu ya barabara ya muramu pasipo kudhurika na mtikisiko.

Betri ndiyo iliyotuchelewesha. Ainabkoi umeme hupotea mvua ikitisha tu, sembuse ikinyesha. Windows yenyewe huweza kutoa ripoti ya betri, ikionyesha uwezo wake ilipotoka kiwandani na uwezo uliosalia. Muuzaji alisita tulipomwomba ripoti hiyo, kisha akakubali, na mashine ya kwanza ya kizazi cha nane ikaonekana imebakiwa na chini ya nusu. Tukaomba nyingine ya aina hiyo hiyo. Ya tatu ndiyo tuliyoichukua.

Jambo moja la lugha lilinisumbua njiani. Shati lililovaliwa Uingereza likaletwa hapa huitwa mtumba, na anayelinunua huligeuza nje ndani, akalikagua mishono, akapunguziwa bei. Kipakatalishi kilichotumiwa Uingereza huitwa “Ex-UK”, na jina hilo humfanya mnunuzi aone haya kukikagua. Lau vibao vingeandikwa “mtumba wa mwaka 2012”, nadhani kila mama wa sokoni angejua la kufanya.

Lakini si haki kumlaumu muuzaji peke yake. Sisi wa vyuo vikuu ndio tulioifanya mashine hii kuwa ya lazima, kisha tukaunyamazia ulazima huo. Tangu janga la korona lililotupeleka kufundisha kupitia intaneti mwaka 2020, kazi za wanafunzi tunazitaka zikiwa zimepigwa chapa na kutumwa kwa njia hiyo hiyo. Ukisoma barua ya kujiunga na chuo aliyoletewa mpwa wangu, utakuta imetaja karo, picha za pasipoti na fomu ya daktari. Kipakatalishi hakimo. Gharama isiyoandikwa popote haiombewi mkopo, wala haiwekwi katika hesabu ya nani ni maskini kiasi gani.

Walimu walio kazini nao wanalijua joto hili. Tathmini ya utendaji ya TSC hujazwa mtandaoni, alama za tathmini za wanafunzi hupelekwa KNEC kwa njia hiyo hiyo, na wengi hutumia mashine waliyoinunua kwa mshahara wao. Jirani zetu wa Tanzania, baada ya sensa ya mwaka 2022, waliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Sisi mwaka 2013 tuliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi hiyo ilipita katika mabishano ya zabuni, ikaishia kuwa vishikwambi vilivyoanza kufika shuleni mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu wa Kesses, kikiwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo kwa ubia na kampuni ya Kireno. Mtoto wa miaka sita alikumbukwa kabla ya yule wa miaka kumi na tisa anayetakiwa kuandika kurasa kumi na tano kila mwezi.

Wala si kwamba hatujui namna ya kufanya. Mwaka 2010 Bodi ya TEKNOHAMA ya Kenya, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilianzisha mpango ulioitwa Wezesha, wa kumpa mwanafunzi wa chuo kikuu ruzuku ya kununulia kipakatalishi. Wanafunzi wa leo hawajausikia hata kwa jina. Ikiwa ruzuku ni ghali mno kwa serikali ya sasa, basi HELB inaweza kutenga mkopo wa mashine ulio mbali na ule wa kujikimu, ambao huliwa na kodi ya chumba kabla haujapoa. Na kila idara inaweza, bila kutumia hata senti, kutoa karatasi moja ya Kiswahili inayosema mwanafunzi wa kozi hii anahitaji mashine ya kizazi gani kwa uchache. Wa uhandisi wana programu zao zinazodai nguvu. Wa ualimu na fasihi wanaweza kutosheka na LibreOffice, isiyouzwa. Kabla yake, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tukibishana kama lugha hii inaweza kubeba sayansi.

Binti alirudi Ainabkoi na chenji ya shilingi 2,500, ambayo baba yake aliihesabu mara mbili. Januari, katika mkutano wa kwanza wa idara yangu, niliuliza ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza walio na mashine zao wenyewe. Wahadhiri tulikuwa tisa mezani, kila mmoja na kipakatalishi chake mbele yake, na hakuna aliyejua. Tumekubaliana kuwauliza.