Nyumba ya mzazi mzee pwani: Tuanzie chooni, si sebuleni



Ni jambo la kawaida siku hizi kuwaona watoto waliojaaliwa uwezo wakichangishana ili kumjengea mzazi wao nyumba ya kumalizia uzee wake, hasa kwao pwani: Bagamoyo, Pangani, Kilwa au Unguja. Nia hiyo ni njema na malipo yake ni makubwa. Tatizo ni kwamba nyingi ya nyumba hizo hujengwa kwa ajili ya macho ya wageni, si kwa ajili ya magoti ya mwenyewe. Sebule ni kubwa, marumaru zinang'aa, mbele ya mlango kuna ngazi tano, na choo kiko mwisho wa ukumbi. Kwa mtu wa miaka 75, huo ni mtego.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Aidha lipo dhara jingine lisiloonekana. Mzee anayeogopa kwenda chooni usiku huacha kunywa maji tangu alasiri. Matokeo yake ni kufunga choo, kizunguzungu na maradhi ya njia ya mkojo. Watoto watahangaika na vipimo na dawa, kumbe chanzo kimo ndani ya mchoro wa nyumba.

Choo na mahali pa kutawadha

Hivyo basi, mchoro uanzie chooni. Choo kiwe hatua chache kutoka kitandani, na swichi ya taa ifikike akiwa amelala. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, nao ufungukie nje, kwani mtu akiangukia ndani anaweza kuuzuia usifunguke. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa au vigae visivyoteleza. Vyuma vya kushikilia vifungwe ukutani.

Choo cha kuchuchumaa tumekizoea, lakini magoti ya uzeeni hayakiwezi. Wekeni cha kukalia chenye kimo cha kama sentimita 45, na bomba la kustanjia karibu na mkono. Pembeni jengeni kibaraza cha kukalia wakati wa kutawadha, bomba likiwa mbele yake. Mzee anayeinua mguu hadi kwenye sinki huku amesimama kwenye sakafu yenye maji yumo hatarini mara tano kwa siku.

Mlangoni wekeni mteremko badala ya ngazi: kwa kila sentimita 10 za kimo, urefu wa sentimita 120.

Chumvi, upepo na maji

Msikimbilie ufukweni kabisa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka baharini. Msitumie mchanga wa ufukweni kwenye zege, kwani chumvi yake hula nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege.

Madirisha yaelekeane, yapokee kaskazi na kusi, nayo yawekwe wavu wa mbu. Shimo la choo liwe mbali na kisima, angalau mita 30. Kisima kikiwa cha maji ya chumvi, mwenye presha atafutiwe maji mengine ya kunywa. Mapipa yafunikwe, kwa sababu mbu wa homa ya dengue, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotuama na huuma mchana.

Ndogo, tena karibu na watu

Wapo watakaosema kuwa kumjengea mama nyumba ya vyumba viwili ni aibu, majirani watacheka. Mimi naona kinyume chake. Vyumba viwili, kimoja chake na kingine cha anayemwangalia, vinafagilika, na akiita usiku anasikika. Fedha zitakazobaki zimlipe huyo msaidizi.

Kiwanja pia kisiwe cha upweke eti kwa sababu mandhari ni nzuri. Bahari haimjulii mtu hali. Nyumba iwe karibu na msikiti, zahanati na jamaa, na mbele yake pawe na baraza ambapo wapita njia watamsalimia. Na kabla ya kumwita fundi, mkalisheni mzazi mumuulize: usiku huamka mara ngapi? Goti lipi humuuma? Angependa kukaa karibu na nani? Majibu yake ndiyo ramani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatendea wema wazazi wetu wangali hai. Amin.