JKT, MGAMBO NA MWIKO WA FUNDI: NANI ANAMDANGANYA KIJANA?

Leo naomba tuache mpira kidogo, tuongee hili ambalo kijiweni huwa tunalifanyia utani tu: vijana wenzetu wanaokwenda JKT au mgambo, wanajenga weee, mkataba unaisha, wanarudi mtaani. Halafu?

Kuna jamaa mmoja hapa kwetu tulimaliza naye form four. Mimi nikabaki nahangaika na mambo yangu, yeye akaenda JKT kwa kujitolea, miaka miwili. Kule walijenga mabweni na nyumba za maofisa, kafunga nondo, kapiga lipu, karudi anaijua timazi na pima maji kuliko mafundi kibao ninaowafahamu. Unajua leo anafanya nini? Ni mlinzi getini kwenye saiti ya ghorofa. Mwaka jana nilikwenda kubeba zege pale pale kama saidia fundi, siku tatu. Mchana tunakula mihogo getini akaniambia, "Kaka, ile ngazi imekwenda upande, naiona kutoka hapa nilipokaa." Nikacheka. Wiki iliyofuata injinia kaja, kapima, ngazi ikavunjwa. Aliyeiona kasoro kabla ya wote ni mtu mwenye rungu.

Sababu ni rahisi. Karatasi aliyorudi nayo inasema amepata mafunzo ya kijeshi, na hiyo ndiyo kampuni za ulinzi zinaitaka. Mgambo naye hivyo hivyo, cheti chake kinafungua geti la ulinzi basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba huyu ni fundi mwashi. Sisemi JKT haifundishi stadi, inafundisha, na wapo wanaopita kozi za ufundi wakatoka na vyeti vyao safi. Hao siwaongelei. Naongelea yule aliyejifunza kwa kujenga, mkono umejua lakini hakuna aliyeandika kwamba umejua.

Sasa tuje kwenye picha kubwa. JKT ilianzishwa Julai 10, 1963, na moja ya kazi zake ni kuliandalia taifa jeshi la akiba. Kwa mujibu wa sheria ilisimamishwa 1994, ikarudi 2013. Kila zinapotangazwa nafasi za kujitolea tangazo linasema wazi kwamba JKT haitoi ajira na haiahidi ajira, kijana anaandaliwa akajiajiri. Sawa. Lakini subiri litoke tangazo la ajira la JWTZ, sharti mojawapo uwe umepita JKT! Hivi wewe ukiwa na miaka 20 utaamini tangazo lipi? Tangazo la kwanza linakwambia usitegemee, la pili linakwambia bila kupita huku hupati. Kila mtu anaingia akiwa na la pili kichwani, tusidanganyane.

Halafu ikaja ahadi ya mdomo. Aprili 6, 2018 Rais Magufuli alizindua ukuta wa Mirerani, kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite, kazi ya miezi michache iliyofanywa na wanajeshi pamoja na vijana wa JKT. Vijana wakasifiwa, na neno la kuajiriwa jeshini likatoka. Nani asingefurahi? Ila toka siku ile tofali likageuka tiketi. Kijana hajengi tena ili ajue kujenga, anajenga ili aandikwe jeshini.

Matokeo tuliyaona Aprili 2021. Vijana waliokuwa kwenye miradi ya ujenzi waligoma, wakataka kwenda Ikulu ya Chamwino kudai ahadi yao. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Mabeyo, akatangaza kwamba 854 wameachishwa kwa utovu wa nidhamu. Mwaka 2022 wakasamehewa. Mimi maoni yangu, na najua wengine mtanirukia: mtu aliyekula kiapo hagomi, pale waliteleza. Lakini dai lenyewe hawakuliokota barabarani. Waliahidiwa.

Jambo moja linaniumiza zaidi. Miezi michache tu baada ya sakata lile, serikali ikapata zile fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, vikajengwa vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima. Sehemu kubwa ilikuwa kazi ya mafundi wa kawaida wa huko huko wilayani, siyo wakandarasi wakubwa. Kwa hiyo kazi ya mwiko ilikuwepo, tena ya serikali! Kijana aliyejenga kambini akienda kuomba anaulizwa ulishajenga wapi, nani anakujua, una cheti? Hana. Anapewa koleo achanganye zege.

Wenzetu Marekani walianzia upande wa pili. Mwaka 1942, vita imepamba moto, jeshi lao la maji likaunda vikosi vya ujenzi, wanaitwa Seabees. Hawakuchukua watoto wa shule, walichukua mafundi wenyewe: waashi, maseremala, madereva wa magreda, wastani wa umri wao miaka 37. Mpaka leo vikosi hivyo vina askari wa akiba, mtu ana kazi zake uraiani, akiitwa anakwenda. Na sheria yao ya 1994 inambana mwajiri amrudishe kazini akimaliza utumishi. Sisemi tuige kila kitu, wao wana pesa na sisi tuna yetu. Nasema pale jeshi lilimfuata mtu kwa sababu ya ufundi wake. Kwetu kijana analifuata jeshi ili aukimbie ufundi.

Dawa haihitaji bajeti ya kutisha. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi anayoifanya, anafundishwa pale anapopungukiwa, anapewa cheti. Kama fundi wa kijiweni anapimwa, huyu aliyejenga bweni chini ya usimamizi wa injinia wa jeshi anashindikana nini? Apimwe hapo hapo kambini kabla hajarudisha gwanda, atoke na karatasi mbili, ya askari wa akiba na ya fundi. Nafasi za jeshi zikitoka aombe kama wengine, zisipotoka ana pa kuanzia.

Yule jamaa yangu nimemwambia aende ofisi ya VETA akaulize mwenyewe. Kanijibu zamu yake ni saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki, ataenda saa ngapi? Nyie mliopita makambini mkashika mwiko, hebu semeni, mlirudi na karatasi gani mkononi?