Si Urefu wa Gauni

Tukizungumzia mwanamke katika matangazo ya biashara, mjadala huishia kwenye gauni. Limefika wapi? Mabega yako wazi? Mwaka 2016 Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya iliifanya Coca-Cola iondoe busu katika tangazo la televisheni, na wengi wetu tukapiga makofi. Toleo hili linakikataa kipimo hicho. Ndicho kilichotumiwa Novemba 2014 na wahuni waliowavua wanawake nguo hadharani Nairobi, na hapa Mombasa pia, hadi Bunge likatunga sheria ya kuwafunga.

Shuka feri upande wa Likoni, wapite akina mama wa viazi karai, ufike kwenye saluni za mabati. Kwenye kibao amechorwa mwanamke mweupe kama unga, nywele zimeserereka, blauzi imefungwa vifungo mpaka kooni. Hakuna wa kumlaumu, stara anayo. Ndani, msusi mweusi anamsuka binti mweusi, na rafuni zimepangwa krimu za kung'arisha. Kibao hicho kimeshamwambia binti kwamba ngozi yake ni ugonjwa, na dawa inauzwa papo hapo. Tanzania, katika Operesheni Vijana ya 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulizitia sketi fupi na krimu za kujichubua kapu moja la marufuku. Krimu sawa. Sketi ilionewa.

Nguvu za mwanamke nazo? Nenda soko la Kongowea alfajiri uone nani anashusha matenga ya nyanya. Kisha tazama tangazo la sabuni: nguvu zote ni za sabuni, mama kazi yake kutabasamu.

Wala tusijidanganye kuwa Pwani mambo ya mapenzi hayatajwi. Somo humfunza mwari ya chumbani, na kwenye vugo, ngoma ya harusi, wanawake huimba mafumbo mazito, mabibi wakacheka mpaka wakalia (wanaume hawamo, na ndiyo raha yenyewe). Pale mwanamke ndiye msemaji, naye huchagua wa kumsikia. Hata leso huichagua kwa jina lake, akijua litamchoma nani mtaani. Msichana wa leso katika picha za mahoteli hakuchagua chochote. Anauzwa pamoja na minazi.

Kaunti hutoza ada kwa mabango. Waandishi wetu wanataka mwombaji kibali aulizwe pia: huyu wa pichani alilipwa ngapi, na alikubali picha yake iuze nini?