Ile Kaseti Iliyoimba Kinyumenyume

Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana hatutazungumza juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Tutazungumza juu ya kaseti. Tunajua wako watakaocheka na kusema, "Hawa nao, kaseti zimekwisha siku nyingi!" Ni kweli zimekwisha madukani. Lakini chini ya vitanda vyetu, tangu Dongobesh hadi Bassotu, bado yako mabati ya biskuti yaliyojaa kaseti za kwaya, za arusi na za mazishi, na waliomo ndani yake wengi wametangulia mbele za haki.

Bati moja la namna hiyo lililetwa kwetu na dada mmoja wa Katesh. Mama yake alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya akina mama miaka ya 1990. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 kule Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, nyumba yao ilijaa tope hadi madirishani. Watu wa nyumbani walipona, tunamshukuru Mungu, lakini albamu ya picha ilikwenda, na pamoja nayo picha zote za mama. Bati lilibaki kwa sababu mwalimu wa kwaya wa zamani, ambaye siku hizi anaishi upande wa Mbulu, alikuwa amelihifadhi kwake miaka yote hiyo. Humo mlikuwamo kaseti kumi na mbili.

Tulichukua ile iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "MAMA - ASILI" tukaitia kwenye redio kaseti. Ilitoka sauti nzito ya kukokota, kama wanaume wazee wanaoimba wakiwa usingizini, na gitaa linalonguruma chini kabisa. Tukageuza upande wa pili. Hapo ikawa mbaya zaidi: sauti zile zile nzito, lakini maneno yanakwenda kinyumenyume, hayafanani na Kiswahili wala Kiiraqw. Kijana mmoja aliyekuwepo akasema hiyo si kaseti ya kanisa, ichomwe moto. Mama mmoja mtu mzima akasema tuombe kwanza. Tuliomba, tukaizima, tukairudisha kwenye bati. Yule dada hakusema neno. Aliomba maji ya kunywa tu.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyetufungua macho tulipompigia simu. Kaseti ile haikurekodiwa kwa redio ya kawaida. Mgeni mmoja wa kanisa alikuja mwaka 1996 na mashine ya njia nne. Gitaa na ngoma viliwekwa njia ya kwanza, sauti ya kwanza njia ya pili, sauti ya pili njia ya tatu, na mwanzishaji peke yake njia ya nne. Baadaye njia zote zilichanganywa na kuwa wimbo mmoja, ndizo nakala zilizouzwa kwa ajili ya paa la kanisa. Nakala hizo zilichezwa mpaka zikachakaa. Kaseti yetu ilikuwa mama wa zile nakala.

Tueleze kidogo jambo hili, kwa kuwa linaweza kuokoa kaseti yako. Utepe wa kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliileta mwaka 1963, una upana usiofika milimita 4, nao umegawanywa katika mistari minne kama barabara. Redio ya kawaida husoma mistari miwili ukienda upande A, na miwili iliyobaki ukigeuza upande B. Mashine ya njia nne, ambazo TEAC walianza kuziuza mwaka 1979, hutumia mistari yote minne kwa safari moja, bila kugeuza. Tena nyingi huendesha utepe kwa mwendo maradufu ili sauti iwe safi. Ndiyo maana kaseti ya dakika 60 humo hutoa dakika 15 tu. Basi ukiitia kwenye redio ya nyumbani, upande A unasikia nusu ya kwaya kwa mwendo wa kobe, na upande B unasikia nusu nyingine ikitoka mwisho kwenda mwanzo. Shetani hakuwemo. Alikuwemo mwanzishaji, anaendeshwa kinyume.

Mwanzoni tulijaribu njia ya maskini, na hatuoni aibu kuisema. Tulikwenda Mbulu mjini kwa kijana anayetengeneza kompyuta. Tuliunganisha deki nzuri ya kaseti na kompyuta kwa waya kupitia kiunganishi kidogo cha sauti, tukatumia programu ya bure iitwayo Audacity. Tukaingiza upande A, kisha upande B. Programu ile inaweza kuongeza mwendo mara mbili, na inaweza kugeuza sauti iliyo kinyume ikasimama sawa. Kijana alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Ghafla sauti ya mwanamke ikatoka ikiwa wima, inaeleweka, inaita wenzake.

Lakini furaha ile ilikuwa na dosari. Pande zile mbili zilipowekwa pamoja ziliendana kwa mstari mmoja tu wa wimbo, kisha mwanzishaji akaanza kuwaacha wenzake nyuma, kama mtu mwenye haraka ya kuwahi basi la Babati. Deki haiendeshi utepe kwa mwendo ule ule kila safari. Hupungua kidogo hapa, huongezeka kidogo pale. Kijana alikatakata na kusogeza vipande mpaka umeme ukakatika saa mbili usiku. Tena sauti ilikuwa ikivimba na kunywea kama kifua cha mgonjwa wa pumu, kwa sababu mashine ya asili ilirekodi na swichi ya kupunguza mvumo ikiwa imewashwa, na deki yetu haikuwa na kitu cha kuifungua.

Kwa hiyo ilibidi itafutwe mashine ya njia nne yenyewe. Tuliuliza makanisa, tukauliza wapiga magitaa wa zamani, na baada ya wiki tano ikapatikana moja Arusha, stoo, chini ya viti vibovu. Mikanda yake ya mpira ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Fundi alisafisha lami ile, akatia mikanda mipya. Hapo sisi tuliosomea uuguzi tulijiona na faida kwa mara ya kwanza, kwa maana kazi iliyofuata ni ya pamba na spiriti! Kichwa kinachosoma utepe husafishwa kwa spiriti safi isiyo na mafuta wala rangi, na kijiti chenye pamba, taratibu, mpaka pamba itoke nyeupe. Ni kama kusafisha kidonda: usirudie pamba ile ile. Lakini lile gurudumu la mpira usililoweshe spiriti, litakauka na kupasuka.

Kaseti yenyewe nayo ilihitaji huduma. Ilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Akina mama, tafadhali, ukungu wa namna hiyo usiupulize kwa mdomo wala kuufutia chumbani walipo watoto. Vaa barakoa, toka nje. Kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe kilikuwa kimebanduka, kwa hiyo fundi alifungua skrubu tano na kuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Kisha tuliuzungusha mbele na nyuma mara moja, kwa mkono, kwa kalamu ya Bic, kama tulivyofanya usichanani tulipokuwa tunaokoa betri. Kwa wale ambao kaseti zao zililowa tope: suuza kwa maji safi yaliyochujwa, kausha kivulini. Tumesikia za watu walioanika juani na wengine juu ya jiko. Utepe ni plastiki, hujikunja usirudi tena.

Na kabla ya yote vunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti. Visipovunjwa, mjukuu atabonyeza kitufe chekundu, na badala ya kwaya utasikia mpira wa Simba na Yanga.

Siku ya kuingiza, mashine ilitoa waya nne, kila njia na wake, zikaingia kwenye kiunganishi chenye matundu manne. Swichi ya mvumo iliwashwa kama ilivyokuwa mwaka 1996. Fundi alitazama mishale isifike kwenye wekundu, akabonyeza, na kwa dakika 15 hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu. Njia nne kwa ubora ule hula kama megabaiti 35 kila dakika, ambazo kwa kompyuta za leo si kitu. Tulizihifadhi kama faili kamili za WAV, si zile zilizobanwa za kutumiana kwenye simu. Hizo utatengeneza baadaye upendavyo. Safari hii hakuna aliyemwacha mwenzake. Kwaya iliimba kwa pamoja, na mtu anayetangaza mwanzoni akasema wanatoka Hanang, Mkoa wa Arusha, kwa kuwa Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa mpaka mwaka 2002. Tulicheka wote.

Kisha fundi akazima njia tatu akaacha ya nne.

Tuwaambie ukweli, hatukuwa tumefikiria jambo hilo. Katika nakala zilizouzwa, sauti ya mwanzishaji ilichanganyika na za wenzake, na yale yaliyokuwa kati ya wimbo na wimbo yalikatwa. Hapa alikuwa peke yake chumbani. Alikohoa. Alivuta pumzi. Aliimba ubeti, akanyamaza wakati wenzake wakiitikia mahali ambapo sisi tulisikia kimya tu, kisha akaingia tena bila kukosea. Wimbo ulipokwisha, mlango ulilia, na kukawa na sauti ya mtoto kwa mbali. Yule mama akasema polepole, kwa Kiiraqw, kwamba aketi hapo mlangoni, amebakiza mmoja.

Dada wa Katesh aliweka mkono mdomoni. "Aayo," alisema. Akatuambia mtoto yule ni yeye, na kwamba alikuwa na miaka sita, na alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kupelekwa huko. Aliomba arudishiwe kipande kile. Fundi alirudisha mara nne, ya tano akampa kiti chake na kumwonyesha kitufe.

Tunaandika haya kwa haraka kidogo kwa sababu mashine zinakwisha kuliko kaseti. Wataalamu wa hifadhi za sauti duniani, pamoja na UNESCO, walitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba ikifika takriban mwaka 2025 vifaa vya kuchezea kanda za sumaku na vipuri vyake vitakuwa adimu mno. Mwaka huo nao umefika. Mwenye mashine ya njia nne stoo, hata mbovu, asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuuliza kwaya za jirani. Na mwenye kaseti iliyoimba ajabu asiichome. Aandike kwenye karatasi nani aliimba, wapi na mwaka gani, wakati wenye kukumbuka wangalipo.

Nakala za "MAMA" sasa ziko tatu: moja kwa dada, moja ofisi ya usharika, na moja Arusha kwa fundi, mbali na mlima. Wengine wametuomba tuiweke kwenye mtandao. Tumekataa kwa sasa, mpaka familia za waimbaji wote zitakapoulizwa. Za wawili bado hatujazipata. Kaseti yenyewe imerudi kwenye bati, imesimamishwa wima, mbali na redio na spika.

Zimebaki kumi na moja. Jumamosi ijayo, umeme ukiwapo, tutaanza na ile isiyoandikwa kitu.