Tunapofika kwenye sala ya mamlaka

Katika ibada za jumuiya zetu nyingi kuna dakika mbili ambazo zamani hakuna aliyezisikiliza sana. Baada ya kuwaombea wagonjwa na wafiwa, mzee wa kanisa anaombea viongozi: Rais wa Jamhuri, gavana, msimamizi wa teritware, wakuu wa vijiji. Maneno yalikuwa yaleyale mwaka hadi mwaka, na watu walijibu Amina huku wakitafuta matoleo mfukoni. Tangu mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, kisha Bukavu katikati ya Februari, dakika hizo zimekuwa sehemu nzito kuliko zote za Jumapili. Watu wanainua vichwa. Wanataka kusikia mchungaji atamtaja nani.

Hili si jambo dogo la liturjia. Jumuiya zetu zina parokia pande zote mbili za mstari wa vita. Mchungaji wa Rutshuru na mchungaji wa Butembo wamesoma katika shule moja ya teolojia, wanatumia kitabu kimoja cha nyimbo na wanahesabiwa katika sinodi moja. Mmoja anaishi chini ya utawala mpya uliokuja na bunduki. Mwingine anaishi chini ya hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa katika Kivu Kaskazini na Ituri mwezi wa Mei 2021, ambayo wengi walidhani ingekwisha baada ya siku chache. Banki za Goma zilipofungwa, hata kutuma mshahara wa mwalimu wa shule ya kanisa kutoka upande mmoja hadi mwingine kukawa safari. Na wote wawili, saa nne ya Jumapili, wanafungua Biblia ileile kwenye Warumi 13.

Tukiwasikiliza wachungaji wenzetu, tunaona njia tatu zinazotumika. Wapo wanaoiruka sala hiyo kabisa: baada ya wagonjwa wanakwenda moja kwa moja kwenye Baba Yetu. Wapo wanaomtaja mtu kwa jina na cheo, kulingana na nani yuko mjini, au nani amekaa kwenye kiti cha mbele siku hiyo. Na wapo wanaosema tu, Bwana, ubariki viongozi wote wa dunia hii, kisha wanapita upesi. Hatumlaumu hata mmoja kati yao. Anayeandika akiwa mbali na barieri hana haki ya kumwagiza aliye karibu nayo awe shujaa. Lakini tuseme wazi kwamba njia zote tatu zina kasoro moja: zinadhani kuombea mamlaka ni kuitambua, au kuibariki. Ndiyo maana tunaogopa.

Mtume Paulo hakufikiri hivyo. Anapomwambia Timotheo aombee wafalme na wote wenye mamlaka, anatoa sababu: waamini wapate kuishi kwa amani na utulivu. Na mara moja anaongeza kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe. Tusome mistari hiyo pamoja, maana tumezoea kuikata. Mwenye mamlaka anaingia katika sala yetu kama mmoja wa watu wanaohitaji wokovu. Anasimama kwenye mstari pamoja na mgonjwa na mlevi. Paulo alipowaandikia Warumi, aliyekuwa kwenye kiti cha enzi ni Nero, na hakuna Mkristo aliyemwombea akiwa na maana kwamba anapenda kazi zake. Vilevile Biblia iliyo na Warumi 13 ina Ufunuo 13, ambapo dola hiyohiyo ya Roma inaonekana kama mnyama. Aliye na mlango wa kwanza bila wa pili atakuwa mtumishi wa kila anayeshika mji. Aliye na wa pili bila wa kwanza ataona shetani katika kila karani wa ofisi ya kodi.

Kuhusu kodi, tuseme neno fupi, kwa sababu akina mama wauza mboga wanatuuliza. Mama anayelipa kwenye barieri ya upande huu asubuhi na ya upande ule jioni hajakiri imani yoyote. Amenunua njia ya kufika sokoni. Yesu alipoonyeshwa dinari hakumfukuza mwenye kuishika. Kosa liko kwa anayemtoza maskini mara mbili, na hilo tunaweza kulisema.

Sasa tuangalie nyuma kidogo, kwa kuwa vijana wetu wengi hawakufundishwa habari hii. Mwaka 1970 makanisa ya Kiprotestanti ya nchi yetu yaliunganishwa kuwa Kanisa la Kristo, na sheria ya mwaka 1971 ikaweka kwamba serikali itatambua Wakatoliki, Wakimbangu na Waprotestanti walio ndani ya umoja huo. Kwa makanisa mengi madogo hiyo ilikuwa kinga: nje ya ECZ, kama ilivyoitwa wakati huo, hakukuwa na karatasi, na bila karatasi hakukuwa na kanisa. Halafu mwaka 1972 ikaja siasa ya uhalisi, na majina ya ubatizo yakakatazwa. Akina Pierre na Marie wakatafuta majina ya mababu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Upande wetu, kwa sehemu kubwa, uongozi uliunga mkono au ulinyamaza. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za serikali, mafundisho ya dini yakatolewa shuleni, na waziri wa mambo ya ndani akafika mahali pa kusema kwamba chama ni kama kanisa na mwanzilishi wake ni kama masiya.

Wazee wetu hawakuwa waoga kuliko sisi. Tena kulikuwa na jambo la kweli katika uhalisi: mmisionari hakuwa na haki ya kutuambia kwamba jina la babu ni la kipagani. (Mpaka leo wako wazee wanaobeba jina la mwaka ule kwa furaha, na wanafanya vema.) Shida ilikuwa kwingine. Tulikuwa na deni. Serikali ndiyo iliyotupa karatasi ya kuishi, na mwenye deni hasemi sana mbele ya mdai wake. Hapo ndipo historia ile inapotugusa leo. Mdai wa siku hizi haleti sheria ya uhalisi. Analeta mabati, sono ya kwaya, saruji ya kumalizia chapeli, au gari la mchungaji. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023 tuliyaona katika miji yetu, hali Masisi na Rutshuru watu hawakuweza kupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Leo mgeni mwenye bahasha anaweza kuwa amevaa kombati, na anaweza kutoka upande wowote. Mabati hayana dhambi. Lakini kamati ya kanisa iliyoyapokea ijiulize: Jumapili inayofuata, ni neno gani ambalo mchungaji wetu hataweza tena kulisema?

Tulipokuwa shuleni tulisoma Azimio la Barmen la Mei 1934, na wengine tulilikariri kwa ajili ya mtihani bila kuelewa kwamba siku moja lingetuhusu. Karl Barth na wenzake waliandika wakati ambapo wengi katika kanisa la Ujerumani walikuwa wamemshangilia Hitler kama zawadi ya Mungu kwa taifa. Sehemu ya tano ya azimio hilo haikatai serikali. Inakubali kwamba Mungu ameipa kazi, yaani kulinda haki na amani katika dunia ambayo haijakombolewa bado. Inakataa mambo mawili tu: serikali kutaka kuwa utaratibu wa maisha yote ya mtu, na kanisa kugeuka kuwa ofisi ya serikali. Tukiweka kipimo hicho juu ya meza, maswali mengi ya parokia yanapata mwanga.

Chukua komunike. Karibu kila mchungaji wa mashariki amewahi kuletewa karatasi Jumapili asubuhi na kuambiwa aisome wakati wa matangazo. Chanjo ya watoto: tusome. Salongo ya kusafisha mtaa: tusome, maana uchafu hauna chama. Mkutano wa hadhara ambapo waamini wataenda kupiga makofi: hapo kanisa linageuzwa kuwa ofisi. Na karatasi inayowaita vijana kujiandikisha kubeba silaha, iwe kwa jina la ukombozi au kwa jina la uzalendo, isisomwe mahali tunapobatizia. Tunajua kukataa kunaweza kuwa hatari. Kwa hiyo jambo hili lisiachwe kwa mchungaji mmoja. Baraza la wazee liamue mapema, na uamuzi uandikwe katika daftari la parokia, ili mchungaji aweze kujibu kwa unyenyekevu kwamba huo si wake peke yake.

Katika hayo yote, wakuu wa ECC na maaskofu wa CENCO walifanya jambo ambalo tunaliona kuwa sahihi, ingawa si wote wanaokubaliana nasi. Mwaka 2025 walianzisha mpango wao wa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vizuri katika RDC na Maziwa Makuu. Walikwenda kwa Rais Tshisekedi. Mwezi wa Februari walikuja Goma wakazungumza na Corneille Nangaa na wenzake. Walikwenda Kigali pia. Wapo waliowaita wasaliti, kana kwamba kuketi na mtu ni kumtia mafuta. Baadaye serikali yenyewe ilifanya mazungumzo na AFC/M23 huko Doha na kutia sahihi tamko la kanuni mwezi wa Julai, baada ya mapatano na Rwanda huko Washington mwezi wa Juni. Waliotukanwa kwa kuongea walikuwa wametangulia tu. Tunachowadai wakuu wetu sasa ni kwamba habari za mazungumzo hayo zifike hadi posti za Walikale na Fizi kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha Kinshasa peke yake.

Lakini siasa inayoharibu makanisa yetu kwa upesi zaidi haipiti kwa wakuu. Inapita kwenye simu. Sauti ya WhatsApp ya dakika tatu, isiyo na jina la aliyeisema, inaingia katika kundi la kwaya Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi waimbaji hawatazamani machoni. Mtu anahukumiwa kwa umbo la pua, kwa jina la babu yake, kwa lugha anayonong'ona. Kwaya iliyokuwa ikiimba kwa Kinyarwanda inaombwa ibadilishe lugha kwa ajili ya usalama wake. Upande wa pili, anayeongea Kinande au Kihunde anatazamwa kama mpelelezi. Kwa muda, pengine, kubadilisha lugha ni busara. Lakini tusiite busara hiyo amani. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha yake. Kanisa linaloanza kupunguza lugha linarudi nyuma ya siku ile.

Kwenye simu hizohizo kuna manabii wa tarehe. Vita itakwisha mwezi fulani, fulani atakufa, fulani ataingia kwa ushindi. Hanania naye aliahidi miaka miwili, na Yeremia akavumilia aibu ya kusema kwamba utumwa utakuwa mrefu. Katika barua yake aliwaambia mateka wa Babeli wajenge, wapande, waoze watoto wao, na wauombee amani mji walimokaa. Alisema mji. Nebukadneza hakutajwa katika ombi hilo.

Kutoka hapo tunapendekeza njia ya nne ya kuomba. Tusiiruke sala ya mamlaka, wala tusiifanye pana hadi isiombe kitu. Tuwaombee wanaoshika amri juu yetu, na wanaoshika amri juu ya ndugu zetu ng'ambo ya mstari, kwa kazi wanazodaiwa na Mungu: mshahara wa mwalimu ufike, mfungwa ajulikane alipo, dawa zifike hospitalini, kijana asichukuliwe barabarani, barieri zipungue, mwenye kuua atubu na asimamishwe. Mahali ambapo kusema barieri ni hatari, mzee wa kanisa anajua kusema njia. Mungu anaelewa, na waamini pia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo baadhi ya parokia zinaweza kulianza bila kungoja sinodi. Mchungaji wa upande huu amwandikie mwenzake wa upande ule majina ya wagonjwa, waliofiwa na watoto waliobatizwa wiki hiyo, majina ya kwanza tu, bila kijiji wala kabila. Jumapili kila mmoja asome orodha ya mwenzake kabla hajafika kwenye sala ya mamlaka. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, pale mtandao unapopatikana.