Ufa Upi Uzibwe?

Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hufundishwa katika kila shule ya sekondari nchini, na sidhani kama yuko atakayeibishia. Hata hivyo, methali hiyo imenyamazia jambo moja, pengine kwa kuwa ukuta wa nyumba hauelei majini: haikutueleza namna ya kuujua ufa wenyewe ulipo. Katika makala haya nakusudia kutetea rai kwamba, kwa upande wa boti kuukuu za faiba zinazotumika katika Ziwa Nyasa, wenzetu hawalaumiwi kwa uvivu wa kuziba. Wanaziba sana. Tatizo ni kwamba wanaziba kabla ya kutafuta.

Msafiri anayeteremka kutoka nyanda za baridi za Mbinga hadi Mbamba Bay, kisha akafuata ufuko kupitia Liuli hadi Lituhi, ataona kwamba vyombo vingi vya wavuvi bado ni mitumbwi ya magogo na ya mbao. Boti ya faiba, yaani ile iliyofanyizwa kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya poliesta, si kitu kigeni tena nchini, na yaelekea idadi yake itaongezeka. Mwezi Januari 2024, mjini Mwanza, Serikali ilizindua ugawaji wa boti za aina hiyo kwa wavuvi kwa njia ya mikopo. Hiyo ni hatua njema. Lakini boti mpya ya leo ndiyo boti kuukuu ya kesho, na chombo kilichopatikana kwa mkopo kikizama, deni halizami nacho.

Niliwahi kuonyeshwa boti moja ya faiba katika ufuko huo. Mwenyewe alinieleza kwamba kila alfajiri hulazimika kukumba maji ya ngama kwa muda mrefu kabla ya kuondoka. Maji yalikuwa yakijikusanya tezini, na kwa hiyo tezi ilikuwa imekwisha kuzibwa mara tatu: kwanza kwa lami, kisha kwa saruji, kisha kwa gundi ya dukani. Tulipoikausha boti na kuichunguza kwa utaratibu, tuliona kwamba maji yaliingia omoni, kwenye bolti ya pete ya kufungia kamba, iliyokuwa imelegea. Kutoka hapo yalipita chini ya sakafu hadi nyuma, palipokuwa chini zaidi kwa sababu ya uzito wa mashine. Viraka vyote vitatu vilikuwa vimeziba mahali ambapo hapakuwa na tundu. Nami nakiri kwamba, kabla ya kuikausha, nilikuwa nimekubaliana na mwenye boti kwamba ubovu ulikuwa tezini.

Funzo la kwanza, basi, ni kwamba maji huonekana yanapotua, wala hayaonekani yanapoingilia. Mkulima wa Kimatengo ajuaye kuchimba ngoro hahitaji kufundishwa jambo hilo. Yeye hutazama mteremko, akajua mvua itatoka wapi na itakwenda wapi, ndipo akaanza kuchimba mashimo yake ya kuyazuia maji yasichukue udongo. Fikra hiyohiyo ya mlimani yatufaa pwani ya ziwa.

Huenda msomaji akauliza: tundu dogo lina madhara gani? Na tufanye hesabu. Chukua tundu lenye kipenyo cha sentimita 1, lililo sentimita 30 chini ya uso wa maji. Kwa kanuni ya Torricelli, mwendo wa maji yanayoingia ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya mvuto wa dunia mara kina, yaani takriban mita 2.4 kwa sekunde. Tukizingatia kwamba mkondo hujibana unapopenya tunduni, tutapata kiasi cha lita 7 kwa dakika. Ndoo ya lita 20 hujaa katika muda usiofika dakika tatu, na kwa saa moja boti imepakia zaidi ya kilo 400 za abiria asiyelipa nauli. Tundu likipanuka hadi sentimita 2, maji huongezeka mara nne, wala si mara mbili, kwa kuwa eneo hufuata mraba wa kipenyo. Zaidi ya hayo, maji ya ngama hayatulii: boti ikilala upande mmoja, nayo hukimbilia upande huohuo na kuilaza zaidi. Anayejua jinsi upepo wa mwera unavyoliamsha ziwa lile hahitaji maelezo marefu kuhusu hatari hiyo.

Sasa tutafuteje? Wavuvi wa Bahari ya Hindi wana kipimo chepesi: huyaonja maji ya ngama. Yakiwa na chumvi yametoka chini, yakiwa baridi yameletwa na mvua. Katika Ziwa Nyasa kipimo hicho hakifai, kwa kuwa maji ya juu na ya chini yote ni baridi. Hatuna budi kutumia njia ya kutenganisha sababu, ambayo ndiyo msingi wa kila jaribio la sayansi. Kausha ngama kwa kitambaa, funika boti yote kwa turubai, iache ikielea usiku kucha bila mtu ndani. Maji yakionekana asubuhi, yametoka chini. Ikiwa ngama ni kavu, ondoa turubai na umwagie maji kwenye ukingo mahali pamoja baada ya pengine, ukianzia chini na kupanda juu, huku mwenzako akitazama ndani.

Ikithibitika kwamba maji yatoka chini, ipandishe boti nchi kavu. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ina historia katika jambo hili: mwezi Agosti 1914 Waingereza waliikuta huko meli ya Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo, wakaishambulia ikiwa haiwezi hata kusogea. Kwa Wajerumani hiyo ilikuwa bahati mbaya ya vita; kanuni ya kuitazama meli chini ya tumbo lake ilikuwa sahihi.

Boti ikiwa juu, igeuze kazi: badala ya kuyangoja maji yaingie, yafanye yatoke. Iegemeze sawasawa juu ya magunia ya mchanga, kausha upande wa nje, kisha paka unga wa chaki nje, ile chaki ya ubaoni. Mimina maji ndani kidogo kidogo, yasizidi kina cha sentimita 10, maana kila mita ya mraba yenye kina hicho ina kilo 100, na boti iliyoundwa kubebwa na maji kutoka nje haikuundwa kuyabeba ndani ikiwa nchi kavu. Unga wa chaki utalowa na kubadilika rangi mahali maji yanapotokea. Anza kutazama penye matundu yaliyotobolewa na binadamu: kizibo cha kutolea maji, bolti za mashine, pete za kamba, skrubu za ukingo. Kisha tazama mkuku, unaosuguliwa na mchanga na mawe kila boti inapovutwa ufukoni. Gonga kwa kipande cha mti mgumu. Penye sauti kavu ni pazima, penye sauti nzito iliyokufa huenda nyuzi zimeachana, au plaiwudi ya ndani imeoza.

Malengelenge madogo chini ya boti ni habari nyingine. Hayo hutokana na osmosisi: maji hupenya polepole katika ngozi ya nje, huyeyusha mabaki ya kemikali yaliyomo katika poliesta, na myeyuko huo mzito huvuta maji zaidi. Lengelenge likitobolewa hutoa maji yenye harufu kama ya siki. Atakayelitoboa akinge macho yake. Kwa kuwa maji ya ziwa yana chumvi kidogo kuliko ya bahari, mvuto huo huwa mkubwa zaidi ziwani. Boti ikauke kwa muda mrefu kabla ya kupakwa kitu chochote.

Kuziba kwenyewe kuna masharti machache. Saruji haifai, kwa kuwa ni ngumu na haishikani na ngozi inayonepa. Lami huzuia gundi nzuri isishike baadaye, na hivyo yafaa iondolewe yote. Safisha kwanza kwa asetoni, mbali na moto, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa utaisukuma grisi ndani ya nyuzi. Chonga kingo za ufa kwa mteremko wa mara 12 ya unene, yaani ukuta wa milimita 5 uchongwe kwa upana wa milimita 60 kila upande, ili kiraka kishike eneo kubwa. Epoksi hushika poliesta kuukuu vizuri zaidi kuliko poliesta mpya. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la kioo halifai mapafuni. Bolti iliyolegea ing'olewe, tundu likaushwe, na irudishwe ikiwa na gundi mpya. Kuipaka juu juu ni kujidanganya.

Najua nitajibiwa kwamba mvuvi hana siku tano za kuiacha boti nchi kavu, kwa maana siku bila ziwa ni siku bila unga. Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Lakini mtu aliyeziba mara tatu pasipo tundu amekwisha kuzitumia siku hizo, na gharama ya gundi juu yake.

Nitajibiwa pia kwamba shule si karakana. Hapo sikubali. Kanieneo, eneo la duara, myeyuko na osmosisi vimo katika mihtasari ya fizikia, hisabati, kemia na biolojia, na mara nyingi hufundishwa kwa michoro ya mirija ambayo mwanafunzi hajapata kuigusa. Shule za Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, zina ziwa mlangoni, na chaki zipo darasani. Mwalimu akikubaliana na mwenye boti mmoja tu kwa muhula, wanafunzi watapima, watabashiri, watakosea, watapima tena; na mwenye boti atarudishiwa chombo chake pamoja na karatasi inayoonyesha tundu liko wapi.

Wengi wa wanafunzi hao watasafiri katika boti hizo, au wazazi wao watasafiri. Na wajifunze kuuliza, kabla ya kushika gundi: je, ni ufa upi?