Mashauri ya Juma: Bunduki Mpya Haiaminiwi Dukani

Msomaji wetu mmoja wa Bureti, karani mstaafu wa kampuni ya chai, ametuandikia barua yenye maswali mawili. Ataka kujua, kwanza, ni bunduki gani ya kuwinda inayomfaa mtu mwenye akiba ya kadiri; na pili, akiisha kuinunua, aijaribu kwa njia gani apate kuhakikisha kuwa fedha zake hazikupotea. Aongeza kuwa nyani na nguruwe wa mwitu wanamwonea sana katika mahindi yake, na kuwa yuko rafiki yake Tanzania aliyemwalika kwenda kuwinda nyati. Kwa kuwa twaamini wako wengine wenye mawazo kama hayo, twamjibu hapa mbele ya wote.

Kabla ya bunduki huja sheria. Katika Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwezi Mei mwaka 1977, wakati wa Rais Jomo Kenyatta, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na vitu vingine vya wanyama ikafungwa pia. Sababu yake haikuwa ndogo. Ndovu wa nchi hii, waliokadiriwa kuwa zaidi ya 160,000 mapema katika miaka ya 1970, walikuwa wamebaki 16,000 hivi mwaka 1989, kwa ajili ya ujangili uliozidi kuenea hata baada ya marufuku. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaikaza amri ile ya kale. Basi mtu wa Kericho au Bomet anayenunua bunduki kwa nia ya kuingia nayo msitu wa Mau au Chepalungu kutafuta nyama, ajue kuwa anunua kesi.

Na juu ya nyani na nguruwe je? Twajua uchungu wa mkulima anayeamka na kukuta kazi ya miezi mitano imelala chini. Lakini hasara ya shambani haimpi mtu ruhusa ya kuua mnyama wa pori. Njia iliyowekwa ni kutoa habari upesi katika kituo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, na kuandikisha hasara ipelekwe mbele ya kamati inayohusika na fidia. Sheria hiyo ya 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na 3,000,000 kwa aliyepata kilema cha kudumu; mazao na mifugo navyo vina malipo yake. Hatuwezi kuficha kuwa malipo hayo yamezoea kukawia, na wengi wamelalamika. Hata hivyo, asiyeandikisha hasara yake hana la kudai, na bei ya bunduki moja nzuri yatosha kumlipa mlinzi wa shamba kwa misimu mingi.

Tukija sasa kwenye mwaliko wa Tanzania, hapo jambo ni jingine. Nchi hiyo nayo ilifunga uwindaji mwaka 1973, lakini ikaufungua tena mwaka 1978, na mgeni aweza kuwinda akiwa na leseni, pamoja na mwindaji wa kazi wa kampuni iliyokubaliwa na askari wa wanyamapori. Uganda pia iliruhusu uwindaji wa namna hiyo kando ya Ziwa Mburo tangu mwaka 2001. Aliye na safari ya halali hana kosa kutaka bunduki ya halali. Lakini ni lazima awe na hati ya kumiliki silaha iliyotolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na hati hiyo hutaja bunduki yenyewe, nambari yake, na hesabu ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Hununua kwa mwuzaji aliyeandikishwa tu. Tena kuvuka mpaka na silaha kwahitaji ruhusa ya nchi zote mbili, iliyopatikana kabla ya safari, wala si maneno matamu siku ya kufika forodhani.

Bunduki gani, basi? Watu wengi hutazama ukubwa wa mtutu na kudhani kuwa kubwa ndiyo bora. Kwa nyati, ni kweli kuwa ndogo haifai. Wawindaji wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu wamehesabu ile .375 ya Holland & Holland, iliyotokea mwaka 1912, kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 19 na nusu hivi. Lakini bunduki hiyo hupiga teke zito begani, na mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Risasi nzito iliyokwenda kando haina faida kuliko jiwe. Yuko Mskochi mmoja, W. D. M. Bell, aliyewinda katika Karamoja ya Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo wenziwe waliiona kama ya kuchezea. Siri yake ilikuwa kujua sana maungo ya ndovu na kujua sana bunduki yake. Hatusemi mtu amwige, kwa maana sheria za leo hazikubali. Twasema tu kuwa ustadi hauuzwi pamoja na chuma.

Hata wakubwa wa dunia walilazimika kujifunza hayo. Theodore Roosevelt alipotoka katika urais wa Marekani mwezi Machi 1909, alifika Mombasa mwezi uliofuata, na katikati ya mwaka akasafiri kwa magari ya ng'ombe hadi katika nchi ambayo wageni wa siku hizo waliiita Sotik, mbuga kavu zinazoelekea Narok ya leo. Alichukua bunduki tatu kubwa: Springfield ya jeshi la kwao, Winchester ya .405, na ya midomo miwili ya Holland & Holland aliyopewa zawadi na rafiki zake wa Uingereza. Kabla ya kusafiri alibishana na kiwanda cha Winchester kwa barua juu ya macho ya kulengea, maana hakukubali kupokea kitu kwa sababu tu kimetoka kiwandani. Naye alikuwa na haja, kwa kuwa jicho lake moja lilikuwa limepofuka, na mwenyewe alikiri kuwa si mpiga shabaha hodari. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, hesabu ambayo leo ingemshangaza mtu yeyote.

Dukani fanyeni hivi. Ombeni mwuzaji aifungue bunduki na kuhakikisha mbele yenu kuwa haina risasi. Toeni komeo la nyuma, mtazame ndani ya mtutu kwenye mwanga. Ile mifuo inayozungusha risasi yapasa kuonekana safi na yenye kingo kali. Ikiwa imefifia au ina madoa ya kutu, rudisheni. Tazameni mdomo wa mtutu, kwa maana hapo risasi huagana na bunduki, na ukwaruzo mdogo hapo huipoteza njia. Tafuteni chapa za kupimwa nguvu, kama zile za Birmingham au London, zinazoonyesha kuwa mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya kupita kiasi. Kisha soma maandishi ya mtutuni na yale ya kitakoni mwa risasi. Yasipolingana neno kwa neno, usijaribu kamwe. Mwisho, uinue begani macho yakiwa yamefumbwa, ndipo uyafumbue. Kama jicho lako halikutua kwenye alama ya kulengea, kitako si cha kipimo chako.

Yote hayo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika katika uwanja wa shabaha uliokubaliwa na serikali, na si mahali pengine. Risasi ya bunduki ya namna hii yaweza kuruka zaidi ya kilomita tatu, na katika nchi yetu ya vilima, nyuma ya kila mgongo wa chai kuna wachumaji, shule, au mji wa mtu.

Kwanza futeni mafuta ya kiwandani ndani ya mtutu, kwani mafuta yaliyobaki huharibu shabaha na yaweza kuleta hatari. Lazeni bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mpige risasi tatu kwa umbali wa mita 25. Kosa la sentimita moja hapo huwa sentimita nne kwa mita 100. Risasi zikiangukia kushoto, jicho la nyuma la kulengea lisogezwe kulia. Zikiangukia chini, liinuliwe. Jicho la mbele hufuata kinyume cha hayo. Kisha nendeni mita 100, mpige tatu tena, na kila mara mwache mtutu upoe. Tundu tatu zikiweza kufunikwa na kikombe cha chai, bunduki ni njema, hata kama zimekusanyika kando, kando hurekebishwa. Zikitawanyika huku na huku, kurekebisha macho hakutasaidia. Badilisheni risasi za chapa nyingine, kazeni misumari ya kitako, na mwombeni mpigaji mwenye uzoefu aijaribu, mpate kujua kama ugonjwa uko katika chuma au katika bega.

Baada ya hapo ondokeni mchangani. Porini hakuna meza. Pigeni mkiwa mmepiga goti, kisha mkisimama. Umbali ambao risasi zako zote tano huingia katika sahani ya chakula, huo ndio umbali wako wa kuwinda, na hatua moja zaidi ni kubahatisha.

Sisi wa Kericho tuna adui mmoja zaidi, nayo ni mvua. Unyevu ule ule unaoistawisha chai huuvimbisha mti wa kitako. Mti ukivimba husukuma mtutu, na shabaha huhama bila mtu kugusa kitu. Bunduki iliyosawazishwa Kericho, kwa urefu wa mita 2,000 hivi juu ya bahari, ikipelekwa katika mbuga zenye joto na ukavu, mti hukauka na kurudi. Kwa hiyo ijaribiwe tena huko huko kabla ya kuanza kuwinda. Wala isilazwe katika mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika maji. Ipanguswe, ipakwe mafuta kidogo, na ifungwe kwa kufuli kama sheria inavyotaka.

Wako watakaosema kuwa kuchoma risasi kumi na tano kwenye karatasi ni kutupa fedha. Na wafikiri jambo hili. Nyati aliyepigwa tumboni hafi hapo. Huingia kichakani na jeraha lake, husimama kimya, na anayekutana naye mara nyingi si yule aliyefyatua. Huwa ni askari wa wanyamapori anayefuata damu, au mama aliyekwenda kutafuta kuni kesho yake. Waokiek wa Mau walijua hayo kwa upinde kabla ya bunduki kufika katika nchi hii. Mwindaji wao alilazimika kufuata mnyama aliyemjeruhi. Deni la shabaha mbaya hulipwa na mtu, na asiye na hakika ya bunduki yake hulikopa kwa jina la mwingine.

Basi shauri letu ni hili: asiye na safari ya halali asinunue, aliye nayo asiiamini bunduki mpaka imempa tundu tatu mahali pamoja, mkononi mwake mwenyewe, na katika hewa ya mahali atakapoitumia. Juma lijalo tutaeleza namna ya kuandikisha hasara ya mazao yaliyoliwa na wanyama, na vitu vya kuonyesha mbele ya kamati.